Daftari Lenye Picha ya Chungu

Chungu changu nilikichora vibaya. Nalisema mapema kwa sababu taabu yote ilianzia hapo. Nilichora tumbo, nikachora shingo, na mdomo nikausahau. Ukikitazama kwa haraka ungesema ni kibuyu. Na kibuyu kilikuwa cha mtu mwingine, tena mtu ambaye mimi hata jina lake sikuruhusiwa kulitaja.

Ngoja niende polepole, maana nikikimbia nitawaacha nyuma.

Mimi shule niliacha darasa la pili. Mama alijifungua mapacha na mgongo wake ulikuwa mmoja, basi mmoja wao akafungwa kwenye wangu. Mapacha hao wakakua, wakasoma wao. Sina kinyongo nao. Nilikuwa nacho zamani, lakini kimechoka. Nikaolewa huku kwenye mlima wa Manga, nikazaa wawili, na mume wangu akaenda Nairobi kwenye kiwanda cha blanketi. Mwaka ulikuwa na barua tatu au nne. Zilifikia kwenye duka moja pale Kebirigo, na mtu wa kutusomea alikuwa mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alizisoma uani, kila mtu akisikia. Mara moja mume wangu aliandika kwamba ananiota. Likasomwa hilo neno mbele ya watu saba, na mmoja wao alikuwa anakamuliwa jipu mguuni, akasahau kulia, akacheka. Siku hiyo nikaapa nitajifunza kusoma.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kisomo cha ngumbaru kilikuwa kimefika kanisani kwetu, Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa nane mchana. Mwaka wa kwanza nilijua herufi. Wa pili nilisoma barua mwenyewe, na mzee wa kanisa akakosa kazi. Mwaka huohuo baba mkwe wangu naye alikuwa darasani.

Hapa lazima nisimame. Msomaji wa mbali ataona ni jambo dogo, mzee na mke wa mwanawe kukaa darasa moja. Kwetu si dogo. Tuna kitu tunaita chinsoni. Ni haya, lakini ni haya yenye sheria. Baba mkwe haingii ndani ya nyumba ya mwanawe. Mimi simshiki mkono. Maneno ya mwili, ya kitandani, ya ugomvi wa mume na mke, hayasemwi mahali ambapo sote tupo, na yakiponyoka mmoja wetu huondoka. Nikiwa na shida naye namwambia mama mkwe, yeye ndiye anabeba. Kwa hiyo mle darasani yeye alikaa mbele kabisa, kwenye dirisha, na mimi nyuma kabisa, kwenye mlango. Hakuna aliyetupanga.

Alikuja kusoma kwa sababu ya Biblia. Kila Sabato aliishika mbele yake, na Sabato moja aliishika juu chini, vijana wakamwona. Kanisani hawakucheka. Walichekea nje, na aliwasikia.

Mwalimu alikuwa mwanamke kijana wa mjini Kisii, binti wa wafanyabiashara Waislamu, aliyezaliwa papo hapo mjini. Kiswahili kilitiririka kinywani mwake mpaka tukaona aibu ya chetu. Ekegusii, lugha yetu, alijua cha sokoni: bei gani, punguza, hii imeoza. Chinsoni haziuzwi sokoni, kwa hiyo hakuzijua.

Alikuja na riwaya moja, nakala moja tu, imetoka jalada. Jina lake sijui mpaka leo. Ilikuwa habari ya mwanamke ambaye mumewe anafanya kazi ya reli. Ikaja barua kwamba mume amefungwa jela, na mwanamke, kwa kumwogopea mama mkwe mwenye ugonjwa wa moyo, akaificha barua kwenye nyasi za paa. Kila siku mwalimu alitusomea kurasa sita au saba. Sisi tulizoea vitabu vya "huyu ni Juma, Juma ana kuku". Kumbe watu wanaweza kufichana vitu kitabuni! Tulikuja mapema. Kuna mwanamke mmoja, jirani yangu, ulimi haumkai kinywani, huyo alikuja na mahindi ya kuchoma akayala akisikiliza kama yuko arusini.

Siku ya nne tukafika mahali ambapo mume yuko likizo nyumbani, kabla ya mambo ya jela, na mlango umefungwa. Mwalimu alisoma kwa sauti yake nzuri. Mkono wa mume umefika begani. Mkono umeshuka. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni. Wake za wana wote wa kijiji tulitoka mbio, mmoja akaacha kiatu. Na baba mkwe wangu, je? Kutoka kwa mlango angepita katikati yetu. Akaangalia mlango, akaangalia dirisha. Mzee wa miaka sitini akavua kofia, akaitupa nje kwanza, kisha akapanda dirisha akaifuata.

"Jamani!" mwalimu aliita. "Kuna nyoka?"

"Afadhali nyoka, mwalimu," jirani yangu alisema akiwa nje, punje ya mahindi mdomoni. "Umetuvua nguo mbele ya baba zetu."

Akaelezwa. Akakaa kitako kwenye benchi, amejifunika uso kwa mtandio. Kesho yake alikuja na madaftari, na hapo ndipo jambo lenyewe linaanza.

"Kurasa za namna ile nitaziruka," alisema. "Lakini kitabu bila kukizungumza ni bure. Basi kila siku nikimaliza kusoma, kila mtu ataandika. Mniandikie mambo matatu. Nini kimetokea. Nini kimekuchoma. Na wewe ungekuwa pale, ungefanyaje. Msomaji ni mimi peke yangu."

Huo ndio ukawa mtindo wetu. Alisoma mpaka mvua ianze, maana mvua ya huku saa tisa haikosi, na ikipiga mabati ya kanisa sauti ya mtu haisikiki tena. Mvua ndiyo ilikuwa kengele ya kuandika. Kila mtu anainama, penseli zinakwaruza, hakuna la kusema hata ukitaka. Mwalimu alibeba madaftari jioni, kesho yake unakuta chini ya maneno yako amejibu kwa wino mwekundu, kama mtu mnaongea naye. Alhamisi alituachia tuyapeleke nyumbani, tukajisome.

Majina juu ya jalada hatukuandika. Alijaribu. Akaita jina la mzee mmoja, akamwambia mwanamke wa karibu, "Mpelekee huyu." Mwanamke akabaki na daftari mkononi. Jina lilikuwa la baba mkwe wake, angeuliza vipi ni nani? Basi mwalimu akasema kila mtu achore alama yake. Jirani yangu alichora kuku. Mwingine akachora jembe. Mimi, chungu.

Siku za kwanza niliandika mistari miwili. "Leo mwanamke amepanda juu ya paa. Mimi ningeogopa kuanguka." Mwalimu akajibu: "Je, ungeogopa kuanguka tu?" Mnaona ujanja wake. Siku nyingine: "Leo mama mkwe ameuliza mbona barua hazija. Mwanamke amesema labda posta." Akajibu: "Unafikiri analala usingizi?" Nilijua kwamba halali. Nilijua vizuri sana.

Kwa sababu mimi nami nilikuwa na barua.

Chini ya boma letu, karibu na mto, kuna kipande cha ardhi. Nilikilima mimi. Nilipoolewa kilikuwa magugu na mawe. Mawe niliyatoa kwa mikono, nikapanda miche ya majani chai, na chai si sukuma wiki, inataka miaka uisubiri, uipogoe, uilalie njaa. Bado sikuwa nimechuma hata kikapu. Mume wangu, huko Nairobi, akaandika: "Baba, kile kipande cha mtoni tafuta mtu auziwe. Nataka kununua kiwanja huku." Barua hiyo ilisomwa na nani? Na mimi. Nilisimama mbele ya mama mkwe, nikasoma salamu, nikasoma hali ya hewa, nikafika kwenye kipande cha mtoni, na macho yakaruka yenyewe kama mguu unavyoruka dimbwi. Nikaendelea na "wasalimie watoto". Mama mkwe akampelekea mzee: amesalimia, hajambo. Nilifikiri ni mara moja tu. Barua ya pili akauliza tena, nikaruka tena. Ya tatu alikuwa na hasira, anauliza kwa nini baba hamjibu, nikasoma kwamba mvua imepungua Nairobi.

Sikuwa mjinga. Nilijua likijulikana nitarudishwa kwetu. Ng'ombe wa mahari wangedaiwa, lakini hilo lingekuwa la wanaume. Langu lilikuwa watoto. Kwetu mwanamke akirudishwa, watoto hubaki kwa baba yao. Mkubwa alikuwa anaanza kung'oka meno. Mdogo alikuwa hajui kulala bila kushika sikio langu.

Jumanne ya wiki ninayoisema, mvua ikipiga mabati, niliandika yote. Kwa nini niliandika? Nimejiuliza miaka. Nafikiri ni kwa sababu mwanamke wa kitabuni alikuwa peke yake kabisa na mimi nikamwonea huruma. Niliandika: "Mimi nimefanya kama huyu. Barua tatu. Shamba la mtoni linatakiwa kuuzwa na mimi nimeliruka." Kesho yake wino mwekundu ukauliza: "Unaogopa nini zaidi?" Nikajibu: "Kurudishwa, watoto wabaki."

Alhamisi mvua ilikuja mapema na upepo. Madaftari yalikuwa mezani, watu wanakimbilia nyumbani kuanua wimbi walilolianika. Wazee huchukua kwanza. Nikachukua lililobaki lenye tumbo na shingo, nikaliweka chini ya kanga, nikakimbia. Nilipofika jikoni nikalifungua kukausha ncha zake. Mwandiko ulikuwa mkubwa, mistari miwili inajaza ukurasa, herufi zimekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Nilijua mara moja. Baba mkwe wangu alichora kibuyu. Alikuwa na changu.

Semeni mnavyotaka, nililisoma lake. Ningeweza kuwadanganya kwamba nililifunga kwa heshima. Nilisoma nimesimama, mlango nimeuegemea kwa mgongo. Aliandika: "Mzee wa kitabu hiki, baba wa mume, hasemi kitu. Watu wanafikiri hajui. Mimi nafikiri anajua barua ni fupi kuliko karatasi." Basi. Ukurasa wa pili: "Naogopa kufa kabla sijajua kusoma kimya."

Barua ni fupi kuliko karatasi. Aliona! Alikuwa anakaa pale kwenye kigoda chake, mbali, mimi nikimsomea mkewe, na alikuwa anaona nimegeuza karatasi pande mbili na maneno yameisha upesi. Nikakaa kwenye kuni.

Sasa ningefanyaje? Kwenda kumwambia, Tata, yaani baba, nipe daftari langu? Ningekuwa namwambia kwamba ndani yake kuna kitu. Kumtuma mama mkwe? Angeuliza kwa nini nina haraka. Nikafikiri nikalichukue uani, lakini aliliweka kwenye mfuko wa koti, na koti halimtoki hata jua likiwaka.

Tumaini langu lilikuwa moja: kidole chake. Alisoma kwa kidole, silabi moja moja, tena kwa sauti. Hakujua njia nyingine. Zaburi fupi ilimmaliza mchana. Daftari langu lilikuwa limejaa kurasa nane. Nikahesabu kama mtu anayehesabu moto umefika wapi kwenye nyasi. Mpaka Jumatatu labda hafiki. Labda ataona si lake, atalifunga. Mtu mwenye haya angelifunga. Lakini mimi mwenye haya nililifunga la kwake?

Ijumaa asubuhi nilikuwa nachambua mboga za chinsaga jikoni. Nikasikia kigoda kinaburutwa kuwekwa chini ya upenu wa nyumba yake, ng'ambo ya ua. Akakohoa. Akaanza.

"Le-o. Mwa-na-mke. A-me-pa-nda. Ju-u. Ya pa-a."

Hayo ni maneno yangu. Sijui kama mmewahi kusikia maneno mliyoyaandika kwa siri yakitoka kinywani mwa mtu mnayemwogopa, moja moja, kama anayatema punje. Mikono ilifanya kazi peke yake, nikachambua majani nikatupa majani, nikabakiza mashina.

"Ni-nge-o-go-pa. Ku-a-ngu-ka." Akacheka kidogo. Alicheka! Alifikiri nini? Labda alidhani mwalimu amemwandikia yeye somo jipya. Mama mkwe alipita na maji akamuuliza, "Unasoma nini, mzee?"

"Mambo ya darasa. Usinivuruge, nitapoteza mstari."

Asubuhi nzima. Alikwama, akarudi, akaanza upya. Mwanangu mdogo alilia njaa nikamwambia nyamaza, nyamaza, kwa sababu nilitaka kusikia amefika wapi. Jua likapanda. Akafika kwenye "labda posta". Akapumzika, akanywa uji. Nikasema moyoni, choka, Tata, choka, sinzia. Hakusinzia.

"Mi-mi. Ni-me-fa-nya. Ka-ma. Hu-yu."

Nilishika nguzo.

"Ba-ru-a. Ta—"

Kimya.

Nilingoja. Kuku walikuwa wanaparuza. Mama mkwe alikuwa anatwanga nyuma ya nyumba. Sauti haikurudi. Nikachungulia kwenye ufa wa ukuta: alikuwa ameinama palepale, daftari magotini, midomo imefungwa, na kidole sikukiona kwa sababu mkono wake mwingine ulikuwa mbele. Amesimama kwa sababu ameona aibu? Au macho yamechoka? Nilitazama mpaka machozi yakanitoka kwa moshi. Halafu akalifunga, akalitia kwenye koti, akaenda kuangalia ng'ombe.

Sabato kanisani nilimwona kwa nyuma ya kofia tu. Jumapili nilifua nguo zote za watoto, nikazikunja vizuri, kila ya mmoja peke yake. Sikujua nazikunjia nini. Nilijua, lakini sikutaka kujua.

Jumatatu nilifika wa kwanza nikaweka daftari la kibuyu mezani, limefunikwa na kanga. Baba mkwe akaja, akaweka la chungu pembeni yake, kifudifudi, akaenda dirishani bila kuangalia nyuma. Mwalimu aliyaona yote mawili, akanitazama, na nikaona rangi inamtoka. Alikuja mpaka nyuma kunipa changu. "Nisamehe, dada," alininong'oneza. "Nilisema msomaji ni mimi peke yangu."

Nikalifungua chini ya benchi. Baba mkwe wangu alivuta ugoro, na kidole cha ugoro huacha alama. Chini ya kila mstari wangu kulikuwa na mchirizi wa kahawia, kama njia ya konokono. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye "barua tatu" njia haikukatika. Iliendelea. Ilipita shamba la mtoni, ikapita wino mwekundu, ikafika "watoto wabaki", na hapo ilikuwa nene, kidole kilikaa sana. Alikuwa amesoma mpaka mwisho, na alisoma kimya.

Kurasa alizosoma mwalimu siku hiyo sikusikia hata moja. Nilisikia tu aliposema, "Nani atatusomea alichoandika wiki iliyopita? Anayependa." Hakuna aliyekuwa akipenda siku zote. Benchi la mbele likalia. Baba mkwe alikuwa amesimama.

Alisoma akiwa ameelekea dirishani, daftari karibu na pua. Na siyo yale niliyoyasoma mimi. Alikuwa ameandika mapya papo hapo, penseli bado mkononi.

"Mi-mi ni mzee wa kitabu. Ka-ma mke wa mwanangu ame-ficha barua. Si-ta-uliza kwa nini. Nita-taka barua. Ka-ra-tasi yenyewe. Mwanangu nita-mjibu mwenyewe. Ardhi ali-fyeka baba yangu. Ha-i-semwi na mtu wa Nairobi."

"Lakini mzee," jirani yangu akadakia, "mume wa kitabuni yuko reli, Nairobi imetoka wapi? Na ardhi? Si amefungwa jela? Umesoma kitabu gani wewe?"

Watu wakacheka. Hakucheka, hakukaa. "Naongea na mwalimu," alisema.

Mwalimu alikuwa ameshika meza. Alikuwa ameelewa. "Nani ana jibu kwa mzee?" aliuliza, na hakunitazama, Mungu ambariki.

Kumjibu siwezi. Lakini kwa mwalimu kila mtu anaruhusiwa kusema, na habari ni ya kitabu. Nikainuka, nikaangalia ubao.

"Mwalimu, huyo mwanamke wa kitabu anaweza kutoa barua. Lakini anaogopa. Akizitoa, ataachiwa watoto?"

"Mzee?" mwalimu akasema.

Nje kulikuwa kunaanza kudondoka. "Mwalimu," alisema, "mimi nimesoma mpaka pale tulipofika. Sijaona mahali mzee amesema mtu aende."

Hakusema kwamba hatasema kamwe. Sikia tofauti hiyo, maana mimi niliisikia. Halafu mvua ikapiga mabati na hakuna aliyeweza kusema tena, tukainama kuandika. Mimi sikuandika kitu.

Jioni hiyo nilitoa barua zile tatu kwenye mtungi wa wimbi, nikaziweka chini ya mboga kwenye kikapu, nikampa mama mkwe.

"Karatasi za nini hizi?"

"Za Tata. Ni za darasa."

Zilimchukua mzee siku mbili, na hizi alizisoma kwa sauti, sijui kwa nini. Labda alitaka mkewe asikie bila yeye kumwambia. Mama mkwe akasikia. Alikuja mpaka mlangoni kwangu, akanitazama kutoka miguu mpaka kichwa. "Mimi nilikuwa nakubeba," alisema. "Nilikuwa nabeba maneno yako nampelekea mtu mzima, kumbe nabeba gunia tupu." Akaondoka. Hakunisalimu mpaka mavuno. Sikumlaumu, na sikuwahi kumpenda sana, lakini hilo lilinichoma kuliko yote, kwa sababu ni kweli.

Baba mkwe akaandika. Barua ya kwanza ya maisha yake. Ilichukua wiki, na madaftari ya darasani yalipungua karatasi katikati. Aliifunga kwa uji wa muhogo, mama mkwe akaiweka juu ya jiwe mbele ya jikoni yangu. "Ya posta," alisema na kuondoka.

Ndiyo, mimi ndiye niliyetumwa. Kutoka Manga mpaka Kebirigo ni mwendo, mteremko halafu mlima, na bahasha ilikuwa kifuani mwangu inalowa jasho. Ndani kulikuwa na maisha yangu kwa mwandiko wa kutoboa karatasi, na sikujua yanasemaje. Anamwambia mwanawe shamba haliuzwi? Au anamwambia, mkeo ni mwongo, njoo umrudishe kwao? Nilipofika kwenye kijito nilikaa. Nililowesha ukingo kwa mate, nikajaribu kuinua kwa ukucha. Nawaambia ukweli wote. Uji wa muhogo ukikauka ni saruji. Ukingo ulianza kuchanika nikaogopa, nikaubana kwa vidole mpaka dukani. Mwenye duka aliibandika stempu juu ya pale nilipochana, bila kujua.

Hakuna jibu lililokuja. Mwezi, miezi miwili. Riwaya ikaisha darasani, au tuseme tulifika mahali kurasa zilikuwa zimetoka, mwanamke wa kitabuni ameitwa na mama mkwe na amesimama mlangoni, basi. Jirani yangu alitaka kumpiga mwalimu. Mimi niliona ni sawa, kwa sababu na mimi nilikuwa nimesimama hapohapo.

Desemba mume wangu akaja bila kuandika. Alishuka na sanduku na blanketi mbili. Aliwashika watoto. Mimi alinisalimu kama mtu anayesalimu karani. Jioni nzima alikaa kwa baba yake uani, na niliona midomo inakwenda, sikusikia kitu. Nikazitoa zile nguo za watoto tena. Nikazikunja.

Asubuhi niliamka nikasonga ugali. Kwenye ufa wa ukuta nikaona baba mkwe anapita na panga, na nyuma yake mume wangu amebeba fimbo mbichi za miti ya mpaka, mzigo mzima begani, uso umevimba kama wa mtu aliyekosa usingizi. Walishuka mtoni. Nikasikia shimo linachimbwa, halafu lingine, wakizunguka chai yangu. Kutoka pale hadi jikoni ni mbali, lakini mzee alinyanyua sauti kuliko alivyohitaji, na alikuwa anaongea na mwanawe.

"Hiyo ya mwisho ishindilie vizuri. Ndiyo itakayowaonyesha watoto wa mwanamke huyu mpaka wao."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Ugali uliungua chini, nikaupakua hivyohivyo, na walipopanda kutoka mtoni waliula ulioungua, wote wawili.